Jumamosi na Filamu Nyumbani

Mwisho wa juma uliopita hapa Gikundamvura tulipumzika kweli. Jumamosi, joto la bonde la Bugarama lilipopungua, marafiki walitufikia nyumbani. Tulikuwa watu kumi na wawili na kompyuta moja ya kuazima.

Tulianza na filamu ya Kizungu iliyotafsiriwa, ile ambayo Rwanda wanaiita agasobanuye. Mtu mmoja anasema maneno ya waigizaji wote, tena anaongeza utani wake. Aliyesifika sana kwa kazi hiyo ni Nkusi Thomas, yaani Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Watoto walicheka mpaka machozi. Bibi alinyamaza tu, maana Kinyarwanda hakimkai vizuri.

Basi tukaweka Uncle JJ, ya marehemu Steven Kanumba aliyetuacha mwaka 2012. Eh, mambo yakageuka! Sasa bibi ndiye anacheka, na watoto wanauliza, "Amesema nini?" Shuleni wanasoma Kinyarwanda na Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini wetu wanakisikia tu, hawakisemi. Bibi akaanza kuwafafanulia kwa Kiswahili chetu cha Uvira, na chumvi akiongeza. Mtoto mmoja akamwita Yanga, akakubali jina.

Jumapili baada ya ibada watoto walirudi wenyewe. Betri ilikuwa imekwisha moto. Wakamwomba bibi awasimulie filamu upya, na yeye akawaambia kwanza waombe kwa Kiswahili.