Bei ya Usiku wa Mechi

Mchicha ukilala sokoni, asubuhi muuzaji ataunyunyizia maji, ataushusha bei, atapata angalau nauli ya kurudia nyumbani. Usiku wa gesti haunyunyiziwi maji. Chumba kikilala kitupu leo, basi, imekwenda hiyo. Huwezi kesho kumlaza mtu usiku wa jana. Kila mwenye gesti analijua hili hata kama hajawahi kulieleza. Ndiyo maana ukimkuta kanyamaza saa tatu usiku, macho kayatoa, usidhani anasali. Anahesabu funguo zilizobaki ukutani.

Nayajua haya kwa sababu nakaa mapokezi. Gesti ni ya shangazi yangu, ipo Keko, mwendo wa miguu tu kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa. Ina vyumba 12: 8 vya feni kwa shilingi 15,000, na 4 self vyenye kiyoyozi kwa 30,000. Kila chumba kina chandarua, ndoo, na jozi ya ndala ambazo sijawahi kuziona zikifanana. Kazi yangu kubwa ni kitabu cha wageni: jina, kabila, atokako, aendako, kazi yake, namba ya chumba, sahihi. Nyinyi wenzangu mnaoficha hadithi zenu chini ya godoro, nawaambieni ukweli, hakuna kitabu kilichonifundisha watu kama hicho. Kwenye safu ya "kazi" nimewaona wafanyabiashara wengi kuliko Kariakoo nzima.

Sasa tangu Septemba 2023, pale CAF ilipoupa umoja wa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa AFCON ya 2027, mtaa wetu umepata ugonjwa mpya. Ugonjwa wa bei. Jirani mmoja ameng'oa feni zote akaweka viyoyozi kwa mkopo. Mwingine anasema usiku wa mechi chumba chake hakitashuka chini ya laki moja, na chumba chenyewe mlango haufungi mpaka uuinue. Kila jioni wanakuja kukaa barazani kwa shangazi, wanakunywa chai yake na kuulizana. Tuweke bei gani? Tupokee advansi lini? Nikipandisha sana wakaenda kwa mwenzangu je? Nisipopandisha, si nitakuwa mjinga wa mtaa?

Shangazi husikiliza tu. Yeye alishafanya majaribio.

Majaribio ya kwanza ni Simba na Yanga. Wanapokutana pale Taifa, sisi tunajaa tangu jana yake. Watu wanatoka Morogoro, Dodoma, Mbeya, wengine hawana hata begi, wana jezi na simu. Siku hizo chumba cha feni huuzwa 25,000. Hakuna anayelalamika, mtu aliyekaa kwenye basi saa kumi na mbili kwa ajili ya dakika 90 hagombani kwa elfu kumi.

Basi bwana, dabi ya tarehe 8 Machi 2025 ikaahirishwa siku ileile ya mechi. Mji umejaa, barabara zimejaa, mechi hakuna. Kwetu kulikuwa na vijana sita kutoka Mbeya katika vyumba vitatu, wamelipia Ijumaa na Jumamosi. Wakaja mapokezi wote sita kwa pamoja.

"Mama, tunaomba hela ya leo. Tunarudi kwetu."

Shangazi akasema kwa upole kwamba kwa ajili yao amewakatalia wageni wengine kwenye simu, na wageni hao sasa hawaji tena. "Mimi sikuuza mechi, wanangu. Mimi nimeuza chumba."

Mmoja wao, mwembamba, jezi ya kijani, akajibu bila hasira: "Kwa bei ya mechi."

Mapokezi pakawa kimya. Nilimtazama shangazi nikaona maneno yale yamemwingia. Akakaa. Akachukua kikokotoo, akakiweka chini bila kukitumia. Halafu akafungua droo akahesabu 30,000, elfu kumi kwa kila chumba. "Elfu kumi ilikuwa ya mechi. Mechi haipo, chukueni. Elfu kumi na tano ni ya chumba, na chumba kipo, mkitaka laleni." Wakauliza, na ya Ijumaa je? Akasema: "Ijumaa mlilala na matumaini. Hayo hayarudishwi." Wakacheka, naye akacheka. Wakalala. Mechi ilipokuja kuchezwa tarehe 25 Juni, wawili kati yao walirudi kwetu, na hawakuulizia kwingine.

Nimelifikiria sana lile jibu la kijana wa Mbeya. Ukiongeza bei kwa jina la mechi, umeingia uwanjani. Huwezi tena kusimama pembeni ukasema mpira haukuhusu. Ikiahirishwa, imekuangukia na wewe. Na hizi mechi zetu zinaahirishwa kweli. CHAN yenyewe ilikuwa ichezwe Februari 2025. Wiki chache tu kabla, ikasogezwa hadi Agosti. Mwenye gesti aliyekuwa ameshapokea advansi za Februari alipaswa kuwa na jibu, na wengi hawakuwa nalo.

CHAN ndiyo ikawa majaribio ya pili. Ilipoanza tarehe 2 Agosti hapa kwetu, Taifa Stars ikaifunga Burkina Faso 2–0, na usiku ule hata benchi la mapokezi lilikuwa na mtu. Tukadhani mwezi mzima utakuwa hivyo. Wapi! Usiku ambao Stars haichezi, funguo zilirudi ukutani moja moja, zikatulia. Wageni waliotujaza hawakutoka nchi za mbali. Walikuwa wetu wenyewe, wa mikoani, wanaokuja na basi la mchana na kuondoka na la alfajiri.

Hapo ndipo hesabu za barazani zinapopotea. Watu wanazidisha vyumba kwa siku zote za mashindano. Lakini AFCON ya 2027 imegawiwa nchi tatu, na hata hapa nchini kuna viwanja vingine. Arusha walianza kujenga kipya cha watu 30,000 kwa ajili hiyohiyo. Siku thelathini za mashindano si nyusiku thelathini za Keko. Tena bei haina maana kabla makundi hayajapangwa. Shabiki anayekuja kwa ndege na tiketi ya kifurushi hatalala kwetu kwenye ndoo na ndala. Wa kwetu ni wa Zambia, wa Malawi, wa Kongo, anayekuja kwa barabara na kulala wawili wawili ili zibaki za kurudia. Huyo ukimwambia laki, anageuza mgongo.

Katikati ya wasiwasi huo akatokea dalali. Kijana msafi, ana faili. Anataka vyumba vyote 12 kwa mashindano mazima, 20,000 kila chumba kila usiku. Shangazi alizidisha mwenyewe: siku 30, shilingi 7,200,000. Mwezi mzima bila kuhesabu funguo! Nilimwona akitabasamu kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni. Mimi nikaomba karatasi niisome, maana ndiyo kazi pekee ninayoijua. Advansi ilikuwa ndogo. Na chini kabisa palikuwa na kifungu: dalali anaweza kurudisha chumba chochote hadi wiki mbili kabla ya mashindano, bila kulipa.

Nikamsimulia shangazi mambo ya Afrika Kusini. Kwenye Kombe la Dunia la 2010, FIFA iliiachia kampuni ya MATCH shughuli ya malazi, na kwa mara ya kwanza nyumba ndogo za wageni nazo zikaingizwa katika mpango rasmi. Wengi walisaini. Kampuni ikaweka faida yake juu ya bei za wenye nyumba. Magazeti yakaandika kuwa iliweza kufika asilimia 30. Chumba kikaonekana ghali, lawama akapewa mwenye chumba. Halafu mwaka wenyewe ukafika, wageni wakaonekana wachache kuliko ilivyotarajiwa, na kampuni ikarudisha vyumba kwa wingi. Makadirio ya mwanzo yalizidi watu 450,000. Baada ya mashindano serikali ilitoa hesabu ya wageni 309,554 waliokuja kwa ajili ya mpira. Mtu aliyeongeza vyumba kwa mkopo alirudishiwa funguo zake mlangoni, muda wa kutafuta wateja wengine umekwisha.

"Kwa hiyo dalali ni mwizi?" shangazi akauliza.

"Siyo mwizi, shangazi. Ila mechi isipojaza, hasara ni yako. Ikijaza, faida ni yake."

Akaichukua karatasi, akaitia droo moja na kitabu cha stakabadhi. Kesho yake akamjibu dalali: atachukua zile self 4 tu, na akizirudisha kwa kuchelewa, advansi haitarudi naye. Dalali akasema atafikiria.

Kwa nini self 4 tu? Hapa ndipo penye jambo ambalo barazani halizungumzwi. Vile vya feni vina wenyewe. Wenyewe si kwa hati, ila kwa mazoea. Kuna wafanyabiashara wa mikoani wanaofuata mzigo Kariakoo kila mwezi. Na kuna wale waliotumwa Dar na ugonjwa: mtu anatibiwa mionzi Ocean Road, siku tano kwa wiki, wiki hadi wiki, na hana ndugu mjini. Hawa hukaa sana, huongea kidogo, hulipa siku tatu tatu kwa sababu hela inaletwa kwa simu kutoka shamba.

Agosti ile ya CHAN tulikuwa na mzee wa Newala na mkewe, chumba namba 3. Mama ndiye anayetibiwa. Tarehe 21 jioni, kesho yake Stars inacheza robo fainali na Morocco, simu ya mapokezi haikupumzika. Mtu mmoja akasema atatoa 60,000 kwa chumba chochote, hata cha feni. Na siku tatu za mzee wa Newala zilikuwa zimekwisha asubuhi hiyo. Hela yake bado ilikuwa njiani.

Shangazi hakuniambia kitu. Alikwenda ukumbini mpaka mlango wa namba 3. Nilimwona amesimama pale, mkono umeinuliwa kugonga. Ndani mama wa watu alikuwa anakohoa. Shangazi alisimama muda ambao mtu anaweza kusoma ukurasa mzima. Halafu akarudi bila kugonga, akaniambia, "Mwambie huyo wa elfu sitini hakuna chumba," akaenda kulala mapema.

Msomaji, usidhani aliamka mwenye furaha. Stars ilifungwa 1–0, na shangazi alikaa siku mbili akimkaripia kila mtu, hata paka. Elfu arobaini na tano ni hela. Ada ya mtoto wake ilikuwa inadaiwa. Wema wake ulimuuma kama unavyouma wema wa mtu asiye na ziada, na sikumsikia hata mara moja akijisifu nao. Mzee alilipa Jumapili, yote, akaomba radhi kwa kuchelewa. Hakujua kuwa kulikuwa na bei nyingine mlangoni kwake.

Mwezi uliopita shangazi akaniambia: "Wewe si mwandishi? Niandikie karatasi ya AFCON, niibandike pale kwenye kioo." Nimeandika hadithi nyingi, lakini hakuna iliyofutwa mara nyingi kama karatasi ile. Kila sentensi aliipima kama anapima sukari. Mwisho ikabaki hivi:

1. Bei ya chumba ni ileile ya siku zote. Usiku wa mechi kuna nyongeza ya 10,000, inaandikwa peke yake kwenye stakabadhi.
2. Mechi isipochezwa, nyongeza inarudishwa. Bei ya chumba hairudishwi.
3. Mgeni wa matibabu haongezewi bei wala hahamishwi.
4. Advansi ni nusu, na haipokelewi kabla makundi hayajapangwa.

Nilimuuliza, na timu ikifungwa wakadai nyongeza yao? Akasema hiyo wakamdai kocha.

Karatasi ina wiki tatu sasa pale kwenye kioo. Juzi alikuja jirani yetu yule wa viyoyozi vya mkopo. Akaisoma amesimama, mikono mgongoni, mara mbili. Akanivuta pembeni akaniomba nimwandikie na yeye kama ileile, nzuri hivyohivyo, atanipa cha soda. "Ila hicho cha tatu," akasema, "hicho kiruke."

Nikamwambia karatasi ni moja, aichukue yote au aiache. Akaondoka akisema anakwenda kutafuta chenji.