Mlingoti wa Babu na Mnara wa Moscow

Juzi baba mdogo kanipigia simu kutoka Singida. Mlingoti wa antena nyuma ya nyumba ya marehemu babu umeinama, anataka kuukata apate nguzo ya banda la mbuzi. Nikamwambia anipe siku mbili nifikirie. Akacheka sana. Mlingoti nao unafikiriwa?

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kuugeuza. Babu ndani, mimi nje na ule upepo wetu. "Geuza kidogo! Hapo hapo... aah, umepitiliza!" Ulikuwa mti mrefu, umeshikiliwa na nyaya tatu zilizofungwa kwenye mawe (Singida mawe hatuna shida). Babu alikuwa akisema, mjukuu wangu, nguvu haiko kwenye shimo, iko kwenye waya.

Nimemkumbuka nikisoma habari za mnara wa televisheni wa Ostankino, Moscow. Una mita 540 na ulizinduliwa mwaka 1967. Ajabu ni kwamba msingi wake haufiki hata mita tano kwenda chini! Mhandisi Nikolai Nikitin alipitisha kamba za chuma karibu 150 ndani ya mnara, zikakazwa ili zege lijibane. Tarehe 27 Agosti 2000 ukashika moto. Watu watatu walikufa, kamba nyingi zikakatika, televisheni za Moscow zikazimika. Lakini mnara haukuanguka.

Huku kwetu 1967 ni mwaka wa Azimio la Arusha. Televisheni ilionekana anasa. Zanzibar walianza yao mwaka 1973, sisi wa Bara tukasubiri hadi 1994. Kwa hiyo babu alipopata picha, hata zenye chenga, alijiona kafika.

Halafu ikaja dijitali. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Zamu yetu ilipofika, runinga ya babu ikabaki chenga tupu. Hela ya king'amuzi hakuwa nayo. Mlingoti hakuushusha. Kila masika yakiisha anakaza nyaya, kama vile picha zitarudi kesho.

Nilipoajiriwa gazetini nilimwahidi king'amuzi. Mwezi ujao babu. Mwezi ujao. Hakuniuliza hata mara moja. Nikaandika habari za watu wengine, za maji, za barabara, za ahadi za viongozi zisizotimizwa... Babu akatangulia.

Jana nimempigia baba mdogo. Nimemwambia ukate tu, mbuzi nao wanahitaji kulala. Ila waya mmoja aniwekee.

Nyie ambao babu zenu bado wapo, huo "mwezi ujao" acheni kabisa.