Bamba la Milimita 15

Motokaa niliyoachiwa na marehemu baba ilikuwa imekwisha kubadilishwa injini mara moja. Mimi niliibadilisha mara ya pili, nikaitia injini isiyo ya jamii yake. Ilikaa vema isipokuwa kwa jambo moja. Manifoldi, yaani kile chuma chenye matawi manne kinachopokea moshi wa silinda zote na kuupeleka katika bomba moja, iligonga stata iliyo ubavuni mwa injini, isiweze kulala sawasawa mahali pake. Nilizunguka barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi kutwa nzima nikitafuta manifoldi ya umbo jingine, nikarudi na vumbi la viatuni tu.

Fundi mmoja wa jua kali, mtu mzima mwenye maneno machache, alinionyesha njia. Tukate bamba la chuma lenye unene wa milimita 15, alisema, kwa sura ile ile ya gasketi. Tulitoboe matundu manne ya moshi na matundu ya boliti. Kisha tulipachike kati ya injini na manifoldi, nayo manifoldi itasogea nje kwa kiasi hicho. Jambo lilionekana jepesi, lakini kila tulichokigusa kiligusa kingine. Nyuso mbili za bamba zilitaka gasketi mbili, si moja. Boliti za zamani zikawa fupi, zikatafutwa ndefu. Bomba la moshi nalo likabaki nyuma. Ikabidi mipira inayolining'iniza ilegezwe lisogezwe, maana lau lingefungwa kwa nguvu lingeivuta manifoldi usiku na mchana.

"Mwalimu," fundi akasema tulipofika kwenye matundu ya boliti, "ya katikati yabane. Ya mwisho, huku na huku, tuyarefushe kidogo kwa tupa. Chuma kikipata moto hutaka nafasi."

Nilikataa. Nilidhani anataka kuficha upimaji mbaya. Na juma lile lile, msomaji, nilikuwa nimewaonyesha wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu tufe la chuma lipitalo katika pete likiwa baridi, na lisilopita likiisha kupashwa moto! Bamba letu lilikuwa na urefu wa milimita 500. Joto la chuma likipanda kwa digrii 400, urefu kama huo huongezeka yapata milimita 2.4, yaani 1.2 kila upande. Hesabu hiyo ningaliweza kuifanya kwa dakika mbili. Sikuifanya, kwa sababu aliyenikumbusha hakuwa na cheti.

Jumapili ya tatu nilimpakia binti yangu, mwenye umri wa miaka 9, twende kwa bibi yake. Mvua ilinyesha, vioo tukavifunga. Tulipokuwa tukipanda mlima nilisikia mlio mdogo, tiki-tiki-tiki, nikaupuuza. Baadaye mtoto akasema, "Baba, kichwa kinaniuma," kisha akanyamaza, naye si mtoto wa kunyamaza. Nilipomtazama alikuwa amelegea. Nilisimamisha motokaa, nikamtoa nje kwenye mvua. Monoksidi ya kaboni, hewa iliyomo katika moshi wa injini, haina rangi wala harufu. Hushika katika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika. Alitapika, akalia, na kilio kile nilikipokea kwa shukrani. Hospitalini walimvutisha oksijeni mpaka jioni.

Boliti ya mwisho ilikuwa imekatika, na gasketi imepasuka kando yake.

Nilirudi kwa fundi, nikamweleza. Hakunisuta. Alinipa tupa, nikayarefusha matundu kwa mkono wangu, huku yeye akiweka rula juu ya bamba na kuchungulia mwanga chini yake ili aone kama limepinda. Mwaka wa pili sasa boliti zimeshika. Binti yangu, hata hivyo, haniachi niwashe injini kabla hajafungua kioo chake, mvua ikinyesha au isinyeshe.