Ng'ombe Wawili kwa Miezi Mitatu

Haneti tunawajua madalali. Vilima vyetu vina krisopresi, yale mawe ya kijani, na tuliokulia huku tumeona jiwe likiondoka kwa mchimbaji kwa bei ya kuchekesha na kufika mbele ya safari na bei nyingine kabisa. Ndiyo maana hata mtoto wa shule huku analilowesha jiwe na kulielekeza juani kwanza kabla ya kuamini maneno ya mwenye nalo. Kwa hiyo nilishangaa kusikia kwamba baba mdogo, mtu anayehesabu chenji mara tatu, ameuza ng'ombe wawili mnadani na fedha akamtumia mtu anayemjua kwa sauti ya simu tu.

Alikuwa anamnunulia mwanawe tiba. Nimwite Chilewa, ingawa si jina lake. Alikwenda Dar es Salaam kuuza mitumba, akarudi anavuta unga. Ukoo wetu umeishi na walevi wa pombe tangu enzi, tunajua mpaka nani wa kumbeba na nani wa kumfungulia mlango. Teja hatukuwahi kuwa naye. Sufuria zikaanza kuondoka, ikafuata sola, kisha mbuzi wa jirani, na hapo ndipo baba mdogo akaanza kuuliza-uliza.

Aliyepatikana alijiita mratibu. Nyumba ya soba iko mkoa mwingine, alisema, laki tatu na nusu kwa mwezi, miezi mitatu, mwezi wa kwanza unalipwa mapema, na kuna hela ya fomu, ya godoro na ya sabuni. Wakaja wanaume wanne na gari, usiku. Majirani wakaambiwa kijana amekwenda Mererani kutafuta maisha.

Jina la nyumba ile silitaji. Chilewa ameniomba hivyo. Ninachoandika ni alichonisimulia, tukiwa tumekaa chini ya mbuyu, yeye akichora-chora mchanga kwa kijiti bila kuniangalia.

Wiki ya kwanza, wiki ya arosto, walifungiwa kumi katika chumba kimoja chenye ndoo moja. Hapakuwa na nesi wala dawa ya kuharisha. Aliyelia alimwagiwa maji, na aliyeendelea kulia alichapwa na mpira. Wiki ya pili wakaanza kufyatua matofali, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa anajenga. Hiyo iliitwa tiba ya kazi. Jumapili wanapiga simu nyumbani, spika ikiwa wazi na msimamizi pembeni: "Naendelea vizuri, baba." Kila mwisho wa mwezi ilitumwa picha, kijana kavaa fulana nyeupe, kanenepa kidogo. Baba mdogo aliitunza ile picha kwenye simu na kutuonyesha kila tulipokwenda. Miezi mitatu ilipokwisha, mratibu akasema kijana bado hajaiva, ongezeni mitatu mingine.

Nilikaa na kitabu changu cha kumbukumbu nikijaribu kujibu swali moja: katika biashara hii, mteja ni nani? Chilewa hakuchagua, hakulipa, wala hakuulizwa kama ameridhika. Mteja alikuwa baba mdogo, na kwa maneno yake mwenyewe: "Angalau miezi mitatu tulilala." Kama kilichonunuliwa ni usingizi wa familia, mzigo ulifika salama, na yaliyompata kijana huko ndani hayamo kwenye mkataba.

Wenzetu wenye fedha za serikali wamepigwa vilevile, ila kwa njia yao. Mei 2023 jimbo la Arizona, Marekani, lilitangaza kusitisha malipo kwa watoa huduma kadhaa, baada ya kubainika kwamba watu wenye uraibu, wengi wao Wanavajo na wenyeji wengine wa asili, walikuwa wakizolewa kwa magari na kupelekwa kwenye nyumba za soba ambako tiba ilikuwa ya makaratasi. Bili zilikwenda kwenye bima ya serikali, na hasara ikakadiriwa kupita dola bilioni 2. Kule bili ndizo zilizowaumbua, maana ziliacha alama. Sisi tulilipa kwa simu, risiti hatuna, na juu ya yote tuna siri ya kulinda. Nilipomwambia baba mdogo twende kushtaki alikataa katakata. "Nikishtaki, si watu watajua hakuwa Mererani?" Nadhani yule mratibu analijua hilo kuliko anavyojua chochote kuhusu unga.

Kuna jambo lingine ambalo nyumba za namna ile haziwaambii wazazi. Arosto ya heroini inatesa lakini mara chache inaua. Hatari kubwa inakuja baadaye: mwili uliokaa miezi bila dawa umesahau kuihimili, na mtu akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inakata. Chilewa aliniambia mmoja wa wale kumi alikwisha hivyo, siku chache baada ya kutoka. (Na mlevi wa pombe wa miaka mingi, ukimfungia tu bila daktari, anaweza kupata degedege akafa. Hawa nao huchanganywa humohumo.)

Si nyumba zote ziko hivyo. Zipo zinazoendeshwa na watu waliotoka kwenye unga wenyewe, Zanzibar na Bara, zinazofuata hatua kumi na mbili, na nimekutana na vijana ambao bila nyumba hizo wangeshazikwa. Kwa lugha ya serikali zinaitwa nyumba za upataji nafuu, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, ndiyo inayozisimamia zile za Bara. Ina namba ya bure, 119. Mimi ningeuliza usajili, ningeuliza daktari anayekuja ni nani na siku gani, kisha ningesema nataka kuja kumwona ndugu yangu kesho, bila taarifa. Ukisikia kigugumizi hapo, jiwe hilo ni bovu.

Kinachokera zaidi ni kwamba tiba ya bure ilikuwepo mkoani kwetu. Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na kwa Dodoma inatolewa Itega, chini ya Mirembe, hospitali iliyopo tangu 1927. Bibi zetu waliitumia Mirembe kututishia tulipofanya utukutu, labda ndiyo maana hakuna aliyeikumbuka. Lakini tusiwalaumu wazee peke yao. Methadoni hunywewa kila siku, mbele ya mhudumu, na kutoka Haneti mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 70. Piga nauli ya kwenda na kurudi mara siku thelathini, halafu niambie bure iko wapi. Kwenye pengo hilo ndipo mratibu alipoegesha gari lake.

Chilewa sasa amepanga chumba Chang'ombe, mjini Dodoma, anakwenda kunywa dozi kila asubuhi, mchana anasaidia kwa fundi baiskeli. Kodi tunachangishana. Mratibu bado anatuma ujumbe, wa mwisho ulikuwa na ofa: miezi miwili kwa bei ya mmoja na nusu.

Juzi baba mdogo aliniuliza ni shilingi ngapi tunadaiwa Itega. Nikamwambia hatudaiwi kitu. Akanyamaza, akatema mate pembeni, akaniangalia kama ninayemuuzia jiwe.

"Sasa kama hawalipwi, mwanangu, wanamtibu kweli?"

Nikamwambia twende wote Jumatatu, akaone mwenyewe. Alikubali, kwa sharti kwamba tuondoke kabla hakujapambazuka, na akiulizwa kwenye basi, atasema anakwenda kupima macho.