Jino Lililonijengea Mfupa Kabla ya Kung'olewa

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Miaka kadhaa baada ya kuanguka na bodaboda, jino langu la mbele la juu lilianza kulegea. Fizi ikatoa usaha, ikapanda hadi mzizi ukaonekana. Darasani nikawa nafundisha huku nimeziba mdomo kwa kiganja, vumbi la chaki likinibaki midomoni. Kwenye harusi nilikaa nyuma, sikucheka.

Nilikwenda Dar es Salaam nikiwa tayari kung'olewa. Daktari akanionyesha kwenye picha weusi mpana kuzunguka mzizi: mfupa umeliwa. "Mwalimu, tukiling'oa leo mfupa utazidi kunywea, na jino la kupandikiza halitapata pa kushika." Akanieleza kwamba jino hilo, ingawa halitapona, bado lina kazi. Likivutwa chini taratibu kwa waya, nyuzi zinazolishikilia kwenye taya hushuka na mfupa na fizi.

Kwanza nilisafishwa fizi na kutibiwa mzizi, maana usaha haujengi mfupa. Ndipo nikafungwa waya. Jino lilishuka kama milimita 1 kwa mwezi, na kila nilipohudhuria daktari alilichonga ncha lisigongane na la chini. Maumivu yalivumilika. Kilichonitesa ni nauli, madeni ya kikoba, na watu kuniuliza kwa nini nagharamia jino litakalong'olewa. Nililia usiku, nikimwomba Mungu subira.

Asubuhi moja nikaona kwenye kioo ukingo mwekundu wa nyama laini ukizunguka jino. Nikaogopa. Daktari akasema ni fizi mpya inayojitokeza. Baadaye ikapauka na kukomaa. Picha nazo zikaonyesha weusi ukipungua.

Jino likaachwa limefungwa miezi kadhaa ili mfupa ukomae, kisha likang'olewa na skrubu ya titani ikapandikizwa. Mfupa ukaishika. Leo nafundisha mdomo wazi, namshukuru Mungu na daktari yule.

Ndugu yangu uliyeambiwa jino lako halifai, usikimbilie koleo. Njia hii haimfai kila mtu. Ni lazima sehemu ya mzizi iwe bado imeshikwa imara. Lakini uliza hali ya mfupa, na uliza kama jino laweza kuvutwa kwanza. Uliza mapema, kwani likishatoka halivutiki tena.