Macho Yasiyo na Pazia

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia, wakimaanisha kuwa hakuna awezaye kuyakataza kutazama. Mimi methali hii niliijua kwa maana yake ya wazi, tena ya uchungu, nyumbani kwa senge, dada yake baba, kule Chebunyo.

Senge alirejea baada ya miaka mingi ya kuchuma majani chai Kericho. Shingo ilikuwa imemvimba, mikono ikimtetemeka, na macho yamemtoka hata kope hazikukutana alipolala. Wanakijiji wakasema anawakodolea macho. Kitenzi hicho humtwika mtu kosa la kukusudia, ilhali senge hakumkodolea yeyote.

Daktari alieleza kwa Kiswahili, nami nikamfasiria senge kwa Kikipsigis. Kinga ya mwili inayoichochea tezi ya shingo kupita kiasi ndiyo hiyo hiyo inayoshambulia misuli na mafuta nyuma ya jicho. Vitu hivyo huvimba, na kwa kuwa tundu la jicho ni mfupa usiotanuka, jicho husukumwa mbele. Maradhi yenyewe si mapya: Robert Graves wa Dublin aliyaeleza mwaka 1835, naye Mjerumani Karl von Basedow mwaka 1840.

Tiba ina mpangilio wake. Tezi hutulizwa kwa dawa, na tumbaku huachwa kabisa kwani huyazidisha maradhi ya macho. Uvimbe ukiwa mkali, hutolewa steroidi. Ukishatulia, ndipo huja upasuaji kwa wanaouhitaji: kwanza kulipanua tundu kwa kuondoa sehemu ya mfupa au mafuta, kisha kurekebisha misuli ili mtu asione kimoja kuwa viwili, na mwisho kope. Mshipa wa fahamu wa jicho ukibanwa, haingojwi zamu, maana mtu aweza kupofuka.

Hapo ndipo nilipokosea. Neno "kuondoa" nililifikisha bila mfupa wala mafuta. Senge akadhani atang'olewa jicho.

"Mwanangu, heri nizikwe na macho yangu yote mawili," alisema, na mwaka mzima hakukanyaga kliniki. Nami ndiye niliyejigamba chuoni kwa alama za tafsiri!

Likizo iliyofuata nilimkuta akikoroga mursik.

"Senge," nikamwambia, "maziwa yakichacha na kufura, husukuma kifuniko cha kibuyu. Je, wewe hutupa kifuniko?"

"La. Napunguza maziwa."

"Basi ndivyo alivyosema daktari. Kosa lilikuwa langu."

Alinyamaza kitambo, akajifuta machozi ambayo siku hizo hayakukauka, kisha akauliza siku ya kliniki. Tulirudi pamoja, na kwa bahati njema mshipa haukuwa umebanwa.

Wanachama wenzangu, tunajadili istilahi kana kwamba ni mapambo ya kamusi. Kuna mgonjwa anayengoja neno moja lililonyooka.