Usubi Ung'aao

Katika wadudu wote ambao mwanadamu amejaribu kuwaiga kwa mkono wake, sidhani kama wako wengi walio wadogo kuliko usubi wa majini, wala waliowasumbua waigaji zaidi. Sisemi juu ya usubi uumao, ambao huwaudhi watu na mifugo jioni. Nasema juu ya jamaa yake asiyeuma, azaliwaye ziwani na mtoni, ambaye akisha kuota mabawa huishi siku chache tu, aghalabu bila ya kula kitu. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wanamjua vyema. Ziko siku ambapo yeye na wadudu wa jamii iliyo karibu naye huzuka majini kwa makundi, wakapanda angani mfano wa moshi wa shamba linalochomwa, na mwenye nyumba hana budi kufunga madirisha na kufunika chakula. Katika Ziwa Nyasa wako wadudu wa namna hiyo ambao watu huwakusanya, wakawafinyanga na kuwapika wakawa kitoweo. Lakini katika mito baridi ya Uingereza na Marekani mlaji wa usubi ni samaki aitwaye trauti, na mtu amtakaye trauti hulazimika kumpa usubi, au kitu ambacho trauti atakisadiki kuwa ni usubi.

Kitu hicho hufungwa kwa uzi juu ya ndoana. Kiswahili hakijakipa jina lililozoeleka, nami kwa sasa nitakiita nzi wa ndoana. Ndoana zenyewe huhesabiwa kinyume cha matarajio: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo. Ndoana za usubi huanza aghalabu katika namba 18 na kuteremka mpaka 24, ambayo ni fupi kuliko punje ya mchele. Hushikwa kwa jiliwa dogo lililofungwa ukingoni mwa meza, na fundi huikabili kwa mkasi, uzi, nta, na subira nyingi.

Msomaji aweza kudhani kwamba kazi ya fundi ni kuiga umbo la mdudu: kichwa, kifua na pingili za tumbo. Umbo lina haki yake. Walakini kitu cha kwanza kuigwa katika usubi ni nuru, na sababu yake imo katika maisha ya mdudu mwenyewe. Buu la usubi huishi katika tope la chini, na baadhi ya mabuu hayo ni mekundu kwa sababu yana damu ya namna ihifadhiyo hewa, mahali ambapo hewa ni haba. Kisha buu hugeuka kuwa pupa. Hili ni neno la kigeni lililoingia katika vitabu vyetu vya sayansi, wala halina udugu na pupa ya mlafi. Saa yake ikifika, pupa huacha tope na kupanda polepole, akafika chini ya uso wa maji na kuning'inia hapo mpaka ngozi ipasuke na mwenye mabawa atoke. Katika safari hiyo hukusanyika hewa baina ya ngozi ya zamani na mwili mpya. Nuru iliyomo majini ikikutana na hewa kwa mshazari mkubwa, yaani ikipita nyuzi 49 hivi kutoka katika mstari ulio wima juu ya uso huo, haitoki kamwe. Hurudi yote kama iliyopigwa na kioo. Kwa hiyo pupa mweusi au wa rangi ya udongo, asiye na uzuri wa kutajwa, huonekana amevaa fedha. Kwa trauti, mng'ao huo ni alama ya chakula kisichoweza kukimbia.

Nchini Uingereza, katika ziwa la kuchimbwa la Blagdon, ambalo lilifunguliwa kwa wavuvi mwaka 1904, tabibu mmoja, Dr. Howard Bell, alikuwa na desturi ya kuchungua matumbo ya samaki aliowavua, na kwa kufuata aliyoyaona humo alifunga nzi wa kumwiga pupa wa usubi. Huo ndio mwendo wa mwanachuoni, na mimi humheshimu kwa sababu hiyo kuliko kwa samaki wake. Mafundi wa zamani walipotaka mng'ao walitumia ukanda mwembamba wa madini, ambao ulichujuka na kuwa mweusi. Katika miaka ya 1950 zikaja karatasi nyembamba za plastiki zilizopakwa madini ya alumini, nazo hazipati kutu. Leo wako wanaotumia nyuzi bapa za Flashabou, wako wanaotumia ushanga wa kioo wenye fedha ndani yake, na wako wanaotosheka na waya tu. Huko Lees Ferry, jimbo la Arizona, chini ya bwawa la Glen Canyon ambalo lilianza kuzuia maji mwaka 1963, alitokea nzi mweusi aliyezungushiwa waya wa fedha, na kwa mistari yake akaitwa kwa jina la punda milia. Mnyama wetu amefika mbali, tena kwa umbo dogo sana.

Namna ya kufunga si ndefu kueleza. Fundi huuzungusha uzi mpaka ndoana inapoanza kupinda. Hapo huubana ukanda ung'aao pamoja na waya, kisha huurudisha uzi mbele. Ukanda huviringwa kuelekea kichwani, kila mzunguko ukigusa mwenziwe. Waya hufuata kwa mwelekeo wa kinyume, ili meno ya samaki yakiukata ukanda, kazi yote isifumuke. Kifuani huwekwa unyoya wa tausi, fundo hukazwa, na tone la vanishi humaliza. Ugumu umo katika kiasi. Ukanda ulio bapa hurudisha nuru upande mmoja kama kioo cha ukutani. Uliosokotwa kidogo huitawanya, na hukaribia zaidi hali ya hewa iliyo chini ya ngozi. Nyuzi zikizidi, mdudu huwa pambo la harusi. Kwa maoni yangu, uzi mmoja watosha.

Maoni hayo sikuyapata mtoni. Katika Kenya, ambako trauti waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 wakatiwa katika mto Gura, ufungaji wa nzi umekuwa kazi ya mshahara, na nzi wengi wavuao samaki Ulaya na Marekani wamefungwa na mikono ya wanawake wa Kenya. Mikono miwili kati ya hiyo ni ya dada yangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja. Hulipwa kwa dazeni, na dazeni isiyofanana na sampuli hailipwi. Hajapata kumwona trauti. Siku moja aliniuliza, "Mdogo wangu, wewe uliyesoma, huyu mdudu huvaa fedha ya nini?"

Nikaenda kusoma, nikarudi nikamweleza habari ya hewa na ngozi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi hii ni pumzi yake." Akaitwaa sampuli iliyokuwa mbele yake, yenye nyuzi tatu, akaigeuza chini ya taa. "Huyu amevimba," akasema. Akafunga dazeni nzima kwa nyuzi tatu.

Jambo hilo limenikaa moyoni. Nzi huuzwa kwa jina la aliyemwazia, na ni haki. Lakini aliyemfunga mara elfu kumi, na ambaye vidole vyake vinajua kilichozidi, haulizwi neno. Na kujua kwake kungempunguzia ujira kama angekufuata. Wala macho hayalipwi fidia. Kwa miaka ishirini yametazama fedha juu ya ndoana zisizofika punje ya mchele, na tangu mwaka jana hayaioni tena namba 22 bila ya miwani miwili. Amehamishiwa nzi wakubwa, wa manyoya ya rangi, ambao hawataki mng'ao. Usubi amewaachia wasichana wawili aliowafundisha. Amewaeleza habari ya pumzi, nao hufunga kwa uzi mmoja au mitatu, kama sampuli itakavyo.